Chumvi na Makaa

Awendo, 13 Juni 1999

Kwa Shemeji Nicanor,

Pokea salamu kutoka kwa mke wa mdogo wako Joram. Sisi hatujambo, watoto hawajambo, ila Mzee koo linamsumbua, nami nitaeleza hapa chini. Natumai huko Homa Bay u mzima na kazi ya kutengeneza redio inaendelea.

Najua utashangaa. Tumeonana mara moja tu, siku ya harusi yetu, ukala ukaondoka kabla ya picha. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Dholuo yangu bado ni ya sokoni, na Ekegusii ya kwetu nadhani huijui. Mzee hajui ninaandika. Jina lako halitajwi hapa nyumbani na sijaambiwa kwa nini, kwa hivyo usiponijibu sitanuna.

Baba yako ana uvimbe kooni. Atapasuliwa Jumatatu tarehe 2 Agosti, na daktari amesema wazi kwamba sauti haitarudi. Unazijua nyimbo alizotunga miaka yote akifundisha kwaya. Hakuna hata moja iliyoandikwa. Kanisa la mjini limeniazima laptop, mixa ndogo na maikrofoni nimrekodi kabla ya siku hiyo. Lakini kila nikirekodi kuna mngurumo, kama posho mill ya kusaga mahindi iliyo ng'ambo ya mto. Unamfunika, maana siku hizi anaimba chinichini. Nimebadilisha nyaya, nimebadilisha maikrofoni, nimeomba. Joram amechoka kuniona nikinuna mbele ya laptop, akasema fundi ninayemtafuta ni ndugu yake.

Nisaidie kama unaweza.

Mimi shemeji yako,
Emmah Nyasuguta


Homa Bay, 21 Juni 1999

Kwa Emmah,

Barua imefika. Mimi mzima, kazi ipo. Poleni na ugonjwa.

Usibadilishe kitu kingine. Washa kila kitu kama unavyorekodi, usikie mngurumo, halafu chomoa chaja ya laptop peke yake, iendelee kwa betri. Mngurumo ukikoma, laptop haina kosa na mixa haina kosa. Kisha rudisha chaja, uguse chuma cha maikrofoni kwa mgongo wa mkono. Angalia kama kinatekenya.

Niandikie ulichosikia, si unachofikiri.

N. Ochieng, fundi


Awendo, 27 Juni 1999

Shemeji,

Habari za tangu barua ile? Sisi tunaendelea. Mzee sasa anakunywa uji tu, lakini anaulalamikia vizuri, kwa hivyo nguvu bado zipo.

Nilichosikia ni hiki. Nilipochomoa chaja, mngurumo ulikatika palepale. Nilifurahi nikaita watu. Lakini betri ya laptop hii ni kuukuu, inakaa dakika kumi na nane, na Baba yako haimbi bila kuomba kwanza. Maombi yalichukua dakika kumi na nne. Tukapata ubeti mmoja na nusu. Nikamsihi afupishe, akaniuliza kama Mungu naye anatumia betri.

Chuma cha maikrofoni kinatekenya, kama siafu wanaotembea. Nilikuwa nikimwona Mzee akifuta midomo kila baada ya kiitikio, nikadhani ni ugonjwa. Hakuwahi kusema.

Zimebaki wiki tano.

Shemeji yako,
Emmah


Homa Bay, 2 Julai 1999

Kwa Emmah,

Nimefurahi Mzee bado analalamika.

Basi kosa ni la nyumba. Chaja huvujisha umeme kidogo, na umeme huo unatakiwa kushuka ardhini kwa waya wa kijani. Ukikosa njia, unapita kwenye laptop, unaingia kwenye mixa, unaishia kwenye midomo ya mwimbaji. Huo ndio mngurumo.

Ila nyumba hiyo niliitia umeme mimi mwenyewe, mwaka wa 1991, na waya wa ardhi niliuweka. Nenda nyuma ya nyumba, kona ya chumba cha marehemu mama. Utaona waya wa kijani ukishuka ukutani mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyozama ardhini, unene wa kidole gumba. Niambie fimbo iko katika hali gani.

N. Ochieng, fundi


Awendo, 8 Julai 1999

Shemeji Nicanor,

Natumai barua hii inakukuta mzima. Mimi mwili ni mzima, moyo una maswali.

Fimbo haipo. Waya upo, umekatwa juu kidogo ya ardhi, ncha imefungwa kwa karatasi ya nailoni na kamba ya katani. Nilikuwa nimeinama hapo nikiangalia wakati Mama Zilpah, jirani, alipopita. Unamjua, ameimba sauti ya pili katika kwaya ya Mzee miaka thelathini. Akatua kikapu chake.

"Nyathina, mtoto wangu, wachana na hiyo kona," akaniambia. "Hapo Nicanor alizika dawa. Mimi niliona na macho yangu, siku ya Sabato, watu wote wako kanisa. Alichimba shimo, akamwaga vitu nyeusi, akamwaga vitu nyeupe, akafunika. Wiki sita hazikuisha, min Nicanor, mama yake, akakufa."

Anasema baada ya mazishi Mzee aling'oa kilichokuwa hapo, na wewe ukaondoka. Anasema pia kwamba Mzee hajawahi kufungua mdomo juu ya jambo hilo, si kukulaumu, si kukutetea.

Shemeji, huku kwenu mimi ni wa kuja, na hata kwetu Kisii maneno kama haya hayafanyiwi mzaha. Sikuulizi kwa ubaya. Ulizika nini?

Shemeji yako,
Emmah


Homa Bay, 13 Julai 1999

Kwa Emmah,

Mimi mzima.

Vyeusi ni makaa. Vyeupe ni chumvi ya jikoni. Fundi yeyote aliyesoma hufanya hivyo: unazungushia fimbo makaa na chumvi ili udongo ushike unyevu na umeme ushuke bila taabu. Nilichagua Sabato kwa sababu siku nyingine nyumba ilijaa wanakwaya wakikanyaga nyaya zangu. Mama aliniaga akaenda kanisani na kitabu chake kwapani. Moyo wake ulikuwa mgonjwa kabla sijawahi kushika jembe.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na cheti kipya, nikaamini anayejua kazi hahitaji kuieleza. Kosa langu ni hilo, na sina lingine. Tulipomaliza kumzika Mama, Baba alitoa sanduku langu la vyombo akaliweka nje ya lango. Hakusema nimemuua. Heri angesema, ningemjibu. Yeye ni mzee wa kanisa, neno lake moja lingetosha kuwanyamazisha wote. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nimempa Mokaya, muuza vipuri anayekuja huko, fimbo mpya, atakufikishia. Joram aipigilie karibu yote, juu ibaki ya kufungia waya tu. Chumvi na makaa msiache, Julai udongo wa huko ni mkavu. Lakini fanyeni mchana, katikati ya wiki, na watu wakiona. Mzee awepo. Asipotaka, acheni.

N. Ochieng


Awendo, 23 Julai 1999

Shemeji Nicanor,

Barua yako nilimsomea Joram, naye anakusalimu sana. Mzee koo limebana zaidi, lakini leo nina habari njema.

Mokaya alileta fimbo Jumatatu. Mzee aliiona mkononi mwangu, akainuka, akaingia chumbani. Alirudi na ile ya zamani. Imekaa chini ya kitanda chake miaka minane, imefungwa kwa joho lake la kwaya.

"Ile ya kwanza iko," akasema. "Hakuna haja ya mpya."

Nikamwambia lazima tuiwekee chumvi na makaa. Akaniangalia. "Nani alikuambia chumvi na makaa?"

"Fundi wa Homa Bay."

Akaigeuza fimbo mkononi. "Alikuambia lini?"

"Nilipomuuliza, Baba."

"Mimi sikumuuliza," akasema.

Jumatano saa nne asubuhi aliita wanakwaya wanne na Mama Zilpah. Joram alipigilia. Mzee alimwaga chumvi kwa mkono wake, kisha akampa Mama Zilpah bakuli la makaa. Mama Zilpah alilitazama sana lile bakuli. Halafu akamwaga, akajifuta mikono kwenye leso, akaenda kwake bila kuaga mtu.

Joram akaunga waya. Nikachomeka chaja, mixa na laptop, nikavaa vipokea sauti. Kimya. Nilisikia kuku akiparua huko nje. Tangu jana tumerekodi nyimbo tisa na midomo hafuti tena.

Hajasema uje. Mimi ndiye ninayesema. Jumapili ya tarehe mosi ndiyo siku ya mwisho ya kumsikia. Shemeji, usikose.

Emmah wako


Homa Bay, 28 Julai 1999

Kwa Emmah,

Nimefurahi mngurumo umeisha. Sitaweza kuja, kazi imenibana. Msalimie Mzee, nawaombea safari njema ya hospitali.

N. Ochieng


Awendo, 12 Agosti 1999

Shemeji Nicanor,

Sijui kama u mzima, lakini natumai.

Hukuja. Mzee alivaa koti Jumapili yote akakaa barazani, akidai ni baridi. Jumatatu alipasuliwa. Amepona, yuko nyumbani tangu jana, anapumua kwa tundu la shingoni na anatuandikia kwa kibao cha shule cha mtoto. Neno la kwanza aliloandika ni kwamba uji una mabonge.

Ninakutumia kaseti ya nyimbo zote ishirini na saba. Upande wa pili, wimbo wa mwisho ukiisha, usizime. Jumapili jioni Mzee alitutoa wote chumbani, akaniambia niache mashine ikirekodi. Baadaye nilipokuwa nikikagua, nilisikia akitaja jina lako. Nikaondoa vipokea sauti. Nimeinakili mpaka mwisho bila kusikiliza, kwa hivyo kilichomo ni chako peke yako.

Shemeji yako,
Emmah


Homa Bay, 18 Agosti 1999

Shemeji Emmah,

Salamu nyingi kwako, kwa Joram na kwa watoto. Mimi ni mzima. Kazi haikuwa imenibana. Niliogopa.

Kaseti nimeisikiliza dukani nikiwa nimefunga mlango. Umerekodi vizuri. Katika wimbo wa nne maikrofoni iko mbali kidogo, kwingine sina la kusema.

Mwishoni anasema hivi, nimeandika neno kwa neno: "Nicanor, nilijua ni shaba. Siku niliyoing'oa niliijua. Niliogopa watu, nikakuacha peke yako." Amesema polepole sana, maneno mengine ni pumzi tu. Kwa mngurumo ule nisingesikia hata neno moja. Kisha hasemi tena mpaka kaseti inaisha. Nimeirudia mara nyingi na sehemu hiyo ya kimya nimeisikiliza yote.

Nakuja Ijumaa, nifike kabla ya Sabato kuingia. Nitalala hapo.

Mwambie Baba kibao akiweke chini, asijisumbue kuandika. Nitazungumza mimi.

Shemeji yako,
Nicanor