Programu Nimeipa Memori Yote, Shemeji Nimempa Lawama

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla sijavunja undugu. Mimi ni mhariri wa video za harusi, nafanya kazi chumba cha nyuma cha studio ya picha, na safari hii harusi iliyoko mezani ni ya mdogo wangu wa kike, aliyeolewa na fundi kompyuta. Mafaili ni makubwa kupita yote niliyowahi kushika na kompyuta ilikuwa inajikokota, basi huyo shemeji akaja na memori mpya, akaniongezea bure, akaniambia, "Dada, sasa utateleza tu." Alipoondoka nikaingia mwenyewe kwenye mipangilio, nikaona programu ya kuhariri imetengewa sehemu tu ya memori, nikaipa yote ili ifanye kazi kwa raha, na tangu hapo nikigusa video kila kitu kinaganda, hata mshale hausogei. Nikapandwa na hasira, nikampigia mdogo wangu nikamwambia mumewe amenipachikia memori mbovu, akakata simu, na mpaka leo hapokei. Jumapili familia zote mbili zinakutana kuitazama hiyo video. Na niseme ukweli wote, Shangazi, kwa hasira nimeshakata kipande ambacho bwana harusi analia akila kiapo. Nimweleweshe vipi mdogo wangu kwamba mumewe si fundi?

Mhariri Aliyegandiwa

Mhariri, pole kwa kazi, pole nyingine sina. Memori ni nzima, uliyeharibu ni wewe. Kompyuta nayo inahitaji memori ya kuendeshea mambo yake, pamoja na kusogeza huo mshale. Umempa mgeni nyumba yote, mwenyeji hana pa kukaa. Ulidhani fundi aliiacha ile sehemu kwa kusahau?

Fungua programu tupu, bila video yoyote. Rudi kwenye mipangilio ya memori, iachie kompyuta kama robo hivi, hifadhi, funga programu kisha uifungue upya. Funga na hizo kurasa za mtandao ulizozirundika, najua zipo. Futa mafaili ya muda ambayo programu imejilimbikizia, ila soma kabla ya kubonyeza, maana naona una haraka, usije ukafuta harusi yenyewe. Halafu acha kuhangaika na yale mafaili makubwa moja kwa moja. Iambie programu itengeneze nakala nyepesi, kata na kuunga kwa hizo, mwisho itoe video kwa yale makubwa. Itakwenda.

Ikishakwenda, usipige simu. Nenda nyumbani kwao, useme mbele ya wote wawili: "Shemeji, memori yako ni nzima. Nilichokonoa nisichokijua, nikakusingizia." Usiongeze "lakini". Kukosea mipangilio ni jambo dogo, ila kumchafua mtu kwa mkewe mpya, hilo limenikera kweli.

Na kabla hujatoka chumba hicho cha nyuma, kile kipande cha bwana harusi akilia kirudishe. Chote, na sauti yake.