Gathogo na Vichwa vya Besi

Wanja, weka chai chini kwanza. Binamu yangu Gathogo amejimaliza.

Si unajua amekodi duka la kinyozi hapa Othaya na anaogopa kufungua? Leo akanirekodia sauti: "Nitakata mtu sikio. Heri nirudi kuchuma majani chai."

Ati hiyo sauti, badala ya kunitumia mimi, akaituma kwa grupu ya kwaya. Ya kwaya, Wanja.

Kushtuka, wote wamesikiliza. Akazima simu, akajifungia ndani ya duka akingoja kuchekwa.

Mlango ukabishwa. Ni Mzee Miriti, mwalimu wa kwaya, na waimba besi wote nyuma yake. "Tumekuja kunyolewa," akasema, akakalia kiti.

Gathogo akawasha mashine, ikateleza ikachora barabara katikati ya kichwa cha mzee, kutoka paji mpaka kisogo. Akaiweka chini. "Si nilisema siwezi?"

Mzee akajiangalia kwa kioo, polepole. "Kijana, ukiachia hapo, Jumapili nitaongoza kwaya nikiwa hivi."

Ikabidi amalize. Kipara safi, na masikio yote mawili yapo.

Halafu wale wengine wakasema mzee hawezi kubaki peke yake.

Jumapili usikose kanisa. Besi wote wako kipara, na Gathogo anatafuta msaidizi.