Tumuuze Mtamba Tulipe Garanti ya Friji?

Mama Mukakalisa,

Nakuandikia nimekaa juu ya bidoni tupu la maziwa, nje ya nyumba yangu hapa Kingi, naomba unisaidie kabla gari la Polycarpe, muuzaji wetu, halijapanda tena huku kwetu, maana nyumba yangu imeingia ugomvi ambao sikuutegemea, ugomvi wa kitu ambacho hata hakijafika nyumbani.

Sisi ni wafugaji, mume wangu Gentil anachunga na mimi nauza maziwa, na taabu yangu tangu zamani ni maziwa ya jioni, kwa sababu ya asubuhi mwenye pikipiki anayachukua yakiwa bado na joto la ng'ombe lakini ya jioni yanalala, na mvua ikiharibu njia pikipiki haiji, basi yanachacha, tunakunywa sisi, wanakunywa majirani, mengine yanamwagwa na mimi nasimama naangalia. Ndiyo nikaingia likirimba, ule mchango wa wanawake wa kupeana kwa zamu, na zamu yangu ilipofika Gentil naye akaongeza cha kwake, tukafikisha bei ya friji inayotumia jua, pamoja na paneli na betri zake, na siku hiyo, Mama, nilicheza peke yangu jikoni bila muziki.

Anayetuuzia ni huyo Polycarpe, mtu wa Sake, anachukua vitu kwenye duka moja la Goma na kutupandishia huku milimani, na alipokuja kupatana bei alitueleza kwamba friji inakuja na garanti ya mwaka mmoja isiyolipiwa, lakini iko nyingine ya kuongeza juu yake, ya miaka mitatu, na hiyo inalipiwa, tena si kidogo. Akasema, "Mama, mwaka moja inapita mbio. Kisha pale, frigo ikikufa, iko mambo yako na Mungu wako. Lakini ukilipa hii ya kuongeza, utalala usingizi." Nikamwona Gentil anatikisa kichwa kama mtu aliyesikia mahubiri mazuri.

Pesa hiyo hatuna. Tulicho nacho ni Gaju. Gaju ni mtamba, hajazaa bado, na ni mtoto wa ng'ombe ambaye baba yangu alitupatia baada ya ndoa yetu, ile zawadi ya kwetu tunayoiita indongoranyo, baba wa msichana anarudisha ng'ombe mmoja katika wale aliopewa kwa mahari ili watoto wa binti yake wasikose maziwa. Mama yake Gaju alipotea tulipokimbia vita kwenda Kirotshe, kando ya ziwa, na Gaju akiwa bado ndama alitembea na sisi mpaka ziwani na akarudi na sisi, na sasa baba yangu hayuko tena duniani, kwa hiyo ukiniuliza baba aliniachia nini nitakuonyesha Gaju.

Sasa Gentil ananiambia, "Mama Isimbi, tuuzishe Gaju, tulipe ile garanti." Nikamuuliza kwa nini, akanijibu, "Muntu mwenye hana muntu wa kumusimamia, ule njo anaumia. Polycarpe atatusimamia. Frigo ikikufa tunamupelekea, anaiona na macho yake, anatupatia ingine. Iko sawa na ngombe ya kuragizwa." Wewe unajua mambo hayo, Mama, kwetu mtu akikupa ng'ombe wake umchunge huku unakunywa maziwa, siku ng'ombe akifa kwa ugonjwa unampelekea mwenyewe ngozi, anaona kwamba hukumla, maneno yanaisha, na akiwa na moyo mzuri anakupa mwingine. Nikamwambia, "Na Gaju akiondoka, nani atatupatia ingine?" Akanitazama akasema, "Wewe unapenda ngombe kupita maendeleo." Neno hilo liliniuma sana, maana friji ni wazo langu, si lake.

Basi nikafanya ujinga. Nikamwambia Gaju ana joto, anataka dume, na kaka yangu Nsengimana kule Kashuga ana dume zuri la kizungu, acha nimpeleke. Uongo, Mama. Gaju hakuwa na joto lolote. Nilimpeleka ili asiuzwe, na kaka yangu amemfunga mbali kabisa na hilo dume. Kila asubuhi Gentil ananiuliza, "Gaju alishashika mimba?" na mimi namjibu, "Bado, tungoje kidogo," na mama mkwe wangu anawasifia majirani jinsi ninavyojali mifugo, na mimi natamani ardhi inimeze.

Na mbaya kuliko yote, sina hakika kama mimi ndiye mwenye haki. Je, kama Gentil anasema kweli? Friji ikifa baada ya mwaka, na ni mimi niliyekataa garanti, nitaweka wapi uso wangu? Niambie, garanti hiyo inafaa kulipiwa ao haifai? Na Gaju nimrudishe vipi bila kuvunja nyumba? Tafadhali usitaje jina langu, Gentil husoma gazeti lako.

Mke wa mchungaji, Kingi

*

Alliance,

Jina hilo nimekupa mimi. Majina yote nimeyabadilisha, hata la ng'ombe, maana umeniomba nikufiche kisha ukanitajia mume, binti, kaka na dume. Ulidhani Kingi ina watu wangapi?

Pole, mama. Hongera pia, kwa sababu mwanamke aliyeokoa maziwa ya jioni ameokoa nusu ya nyumba. Sasa kaa vizuri juu ya hilo bidoni lako, nina maneno matamu na machungu.

Nimeanza na kazi niliyopaswa kuifanya kwa ajili yako. Nilikwenda kwenye duka moja hapa mjini, si la Polycarpe, nikajifanya mnunuzi wa friji kama yako. Kijana wa duka alikuwa na adabu, akaniimbia wimbo uleule wa kulala usingizi. Nikamuuliza, radi ikiipiga je? Akasema, "Hapana, Mama, radi iko ya Mungu." Panya wakikata waya? Hapana. Ikianguka garini kule njiani? Hapana. Betri zikichoka? Betri zina garanti yake, ni fupi. Na ikifa kweli kwa kosa lenu, nani anaishusha kutoka mlimani mpaka hapa? "Ni wewe, Mama, unatuletea." Basi nikamuuliza, sasa ninyi mnalipia nini? Akacheka, maskini, akasema, "Makosa ya kiwanda."

Umesikia? Friji yenye kosa la kiwanda haikawii kujionyesha. Mara nyingi inasumbua mapema, ukiwa bado ndani ya ule mwaka wa kwanza ambao hamlipii kitu. Vinavyoua vyombo vyetu huku baadaye ni radi, unyevu, panya na barabara, na betri kuzeeka. Mnaombwa kuuza mtamba mzima kwa ajili ya kukingwa na kile kisichowatisha, na vinavyowatisha vinabaki juu yenu.

Sisemi garanti zote ni wizi. Kama duka lingekuwa jirani yako, kama fundi wao angepanda mwenyewe mpaka Kingi, kama betri zingekuwemo, na bei ingekuwa ndogo usiyoihisi, ningekuambia lipa. Muulize Polycarpe maswali yangu yote, mbele ya Gentil, na akijibu ndiyo, ayaandike na kutia sahihi. Akianza kujikuna kichwa, umepata jibu.

Sasa Gentil. Usimwite mjinga, hata moyoni. Mtu aliyekimbia nyumba yake na kurudi anatafuta wa kusimama nyuma yake, na hilo si kosa. Kosa lake ni kumchukua mwenye duka kama mwenye ng'ombe. Aliyewaragiza ng'ombe anawajua ninyi, alikula harusini kwenu, na ng'ombe ni wake, kwa hiyo akifa mnahuzunika pamoja. Friji ni yenu tangu siku mliyoilipia. Ikifa, anayehuzunika ni ninyi peke yenu. Ukimpelekea mwenye duka mzoga wake, hatauliza kama mliitunza vizuri, atauliza ni nani aliifungua.

Na wewe! Kwa nini ulikimbiza ng'ombe badala ya kusema neno? Ulikuwa na sababu nzuri mkononi, ukaitupa ukashika uongo, na sasa hata ukisema kweli utaonekana mjanja. Gaju ni wa nyumba yenu ninyi wawili, baba yako aliwapa ninyi, hakumpa Nsengimana. Unamdanganya mume anayekuuliza habari za mtamba kila asubuhi kama anayemuuguza mtoto! Mtu huyo hataki kumuuza Gaju kwa furaha. Anaogopa tu, kama wewe unavyoogopa, na mmekaa kila mtu na hofu yake upande wake wa kitanda.

Fanya hivi. Friji nunueni, msirudi nyuma hata kidogo. Siku ya kuipokea iwashwe Polycarpe akiwepo, asiondoke mpaka maji yameganda ndani. Mwaka huo wa kwanza itumieni bila huruma, ijazeni maziwa, ifanyisheni kazi, na ikikohoa tu mpigieni simu siku ileile. Paneli zifungwe na fundi anayejua kuweka waya wa radi, panya wazibiwe matundu. Maziwa ya jioni mlikuwa mnayamwaga, basi mapato ya jioni moja kila juma yawekeni pembeni, yawe ya betri na ya fundi, wala yasiguswe kwa sukari wala kwa harusi ya mtu.

Kaka yako mwambie amfungue Gaju kule alikomfunga. Akipata joto kweli kabla ya kurudi, dume lipo, msilinyime kazi.

Kwa Gentil nenda leo, akiwa malishoni, mbali na masikio ya mama mkwe. Usianze na radi wala panya. Anza na kosa lako, useme hivi: "Papa Isimbi, nilikudanganya. Gaju hakukuwa na joto, nilimuficha juu nilikuwa na uoga utamuuzisha. Unisamehe." Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Akitulia, muulize swali moja tu: "Frigo ikikufa na Gaju iko, tutauzisha Gaju tununue ingine. Frigo isipokufa, tutakuwa na frigo, na Gaju, na batoto ba Gaju. Sasa juu ya nini tumuuzishe leo?"

Halafu nyamaza, Alliance. Usimsaidie kujibu. Ni mchungaji, atahesabu mwenyewe.

Mama Mukakalisa