Saa ya Kumgeuza Mama Yako

Marambo, Nachingwea

Mwanangu Koleta,

Nakusalimu wewe na wajukuu wangu huko Ruangwa. Korosho zimeanza kuanguka, na mbuzi wako amezaa.

Uliniuliza kama ninalala. Tangu tumzike mama yako, bado naamka kabla ya jogoo kuwika ili nimgeuze ubavu, kama nilivyofanya alipokuwa mgonjwa. Mikono yangu hugusa shuka tupu.

Nilipomweleza Muuguzi Geofrey wa zahanati, alicheka kidogo. "Babu, mwili una saa yake ndani, nayo haijapata habari za msiba. Ota jua kila asubuhi, itajirekebisha."

Namwamini. Lakini asubuhi sifungui dirisha. Saa hiyo ikirekebishwa, hakuna kitakachoniamsha tena kwa ajili ya mama yako.

Geofrey usimwambie.

Baba yako,
Bernardo