Maziwa ya Boma la Sairowua

Olbalbal, 3 Juni 2025

Shikamoo Baba Posta,

Natumaini magoti yamekupunguzia adha. Huku tu wazima, ila maji yamekuwa mbali, ng'ombe wanakwenda leo na kurudi kesho.

Harusi ya mwanangu Olais na mjukuu wako Doreen imepangwa tarehe 30 Agosti. Watoto wa shule ya huku anakofundisha wameshaanza kumwita mke wa Olais, naye anajifanya hasikii. Mama anaomba jambo moja. Kwa kuwa wewe na marehemu baba mlikuwa vitani pamoja, siku hiyo wewe na mama mnywe maziwa ya kibuyu kimoja mbele ya watu, ndipo awabariki maharusi. Anasema miaka yote hii unatuletea sukari na hujawahi kuonja maziwa ya boma hili la Sairowua, ukisingizia tumbo. Safari hii tumbo lako halitasikilizwa.

Mwanao,
Namelok

Karatu, 15 Juni 2025

Mwanangu Namelok,

Marahaba. Magoti ni yale yale, yananikumbusha kila asubuhi kwamba nilikuwa askari kabla ya kukaa dirishani posta nikigonga mihuri. Vijana wa hapa wananicheka kwa kukataa simu, lakini bahasha yako hunifurahisha kama bado nipo kazini.

Kuhusu maziwa, mtafuteni mzee mwingine. Mwambie mama harusi iendelee tu, mimi nitakaa nyuma na kupiga makofi.

Baba yako,
R. Hhando

Olbalbal, 2 Julai 2025

Shikamoo Baba,

Hali zetu si nzuri. Mama aliposikia jibu lako hakucheka. Alimwita mzee Lekoko, aliyekuwa nanyi Kagera mwaka 1979. Lekoko akasema, "Hhando anaijua mila yetu. Aliyemwaga damu hanywi maziwa ya boma lile mpaka ng'ombe wa damu, fidia ya aliyeuawa, watolewe. Muulizeni nani alikuwa zamu alfajiri ile alipokufa mwenzetu."

Mimi nimekutetea. Ni wewe uliyenizoesha kusoma kwa barua zako. Ukiniambia Lekoko amezeeka vibaya, nitaamini. Mama hajala tangu juzi.

Mwanao,
Namelok

Olbalbal, 24 Julai 2025

Shikamoo Baba,

Sijapata jibu, na dereva wa gari la maji anaapa alikukabidhi barua mkononi. Wazee wanakaa wiki ijayo. Vijana wa rika la Olais wameacha kumsalimia Doreen. Jana nilimkuta Olais ananoa sime, nikamuuliza ya nini, akasema ya kukatia matawi ya boma. Boma letu tulilikarabati mwezi wa tano.

Nijibu.

Mwanao,
Namelok

Karatu, 28 Julai 2025

Mwanangu,

Leo sina uso wa kukuuliza hali.

Nilikuwa zamu mimi. Kulikuwa na ukungu. Baba yako alikwenda kutuchotea maji, akarudi kwa njia nyingine akipiga mluzi, ule wenu wa kuita ng'ombe. Kwetu Ganako ng'ombe hatuwaiti hivyo. Nilidhani ni adui wanapeana ishara, nikafyatua. Lekoko alinisaidia kumfunika, tukasema ilikuwa risasi ya adui.

Nilipopata kazi posta nikawatafuta. Sukari ile haikuwa ukarimu, ilikuwa woga. Maziwa sikuyanywa kwa kuiheshimu mila yenu, lakini ukweli niliukimbia, nami nimekuwa nikiona haya kila uliponiita baba. Doreen hajui lolote. Nakuomba asiguswe.

Baba yako, kama bado unaniruhusu,
R. Hhando

Olbalbal, 6 Agosti 2025

Mzee Hhando,

Mama ameisikia barua yako. Nilimsomea mara mbili, na ile sehemu ya mluzi aliiomba tena.

Harusi imesimama. Wazee wanasema ng'ombe wa damu uwalete wewe mwenyewe, usimtume mtu, wala usiandike tena. Njoo tarehe 20. Olais na wenzake watakupokea pale mteremko wa kuingia Olbalbal unapoishia. Nimemwomba aache sime nyumbani. Ameendelea kuinoa.

Nakuchukia, na usiku silali kwa kuhofia maisha yako. Doreen nimemwambia yote. Ameshafunga sanduku lake. Anasema ataondoka huku siku hiyo hiyo pamoja nawe, kama utaondoka.

Namelok