Mianya ya Banda la Mawe

Jumamosi, 14 Oktoba 2006

Kazini peke yangu leo. Kipchumba ameniomba nimshikie zamu kimyakimya, bosi asijue. Mtoto wake anabatizwa. Maagizo: ziba palipobomoka.

Banda lenyewe, huko nje ya mji wa Columbia, huku ughaibuni, lilijengwa na wakulima wahamiaji wa Kijerumani miaka mia mbili iliyopita. Mawe matupu! Mafundi hasa wale. Ila ukuta wa juu una mianya kumi na minne, myembamba, mkono tu unapita. Mawe yameanguka, nikasema. Nimeiziba yote, jiwe kwa jiwe, kwa chokaa, hata huoni mshono. Kwetu Mwanza ukiacha tundu ukutani watakucheka mpaka sokoni. Mgongo unauma, lakini moyo mweupe!

Jumatatu, 16 Oktoba

Mama yangu! Si ubovu ule. Wazee wale waliiacha mianya makusudi, hewa ipite, nyasi za ng'ombe zisivunde. Bosi kaingia, ndani giza totoro, akafoka hadi mishipa ikamtoka. Akamgeukia Kipchumba: Jumamosi si zamu yako? Kipchumba akasema ndiyo, yangu. Akanitazama mara moja tu.

Na mimi? Nikainama kukoroga chokaa. Mimi Zefania, mwanaume mzima!

Bosi kasema kesho anakuja mkaguzi wa majengo ya kale, na aliyefanya upuuzi huu atafukuzwa.

Jumanne, 17 Oktoba

Nakaa, nasimama. Kazi hii alinitafutia Kipchumba. Miezi minne nimelala sebuleni kwake Hyattsville, na mkewe Chelagat hajawahi kuninunia hata siku moja.

Asubuhi garini nimejaribu. "Kaka, ile Jumamosi…" Akaongeza sauti ya redio. Baadaye akaniuliza, "Umekula?" Basi. Afadhali angenitukana!

Tumezibua mianya mitatu tu, mkaguzi akafika. Ametikisa kichwa, ameandika, ameondoka.

Saa sita mchana. Nimekaa juu ya ndoo, naandika. Bosi amemwita Kipchumba mlangoni. Sisikii, ila naona mkono wa bosi ukielekea barabarani. Kipchumba anavua helmeti. Habishi! Kwa nini habishi?

Nimesimama. Nimekaa tena.

Sasa ananiita. "Zefania, njoo unisaidie kubeba vifaa vyangu, ni vizito." Bosi bado yupo pale pale, hatua kumi hivi, ningeweza kumwambia ni mimi. Nimeitikia naja. Ameita mara ya pili, bila hasira. Naja, kaka, naja—