Pinki ya Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya pili kwenye maabara ya kiwanda cha siki. Baba mkwe ndiye fundi mkuu; ndiye aliyenitafutia kazi, na ndiye anayenifundisha. Siki kwenye chupa, matone mawili ya dawa ya rangi, kisha kostiki, dawa inayoua asidi, kutoka kwenye bureti, mrija wa vipimo wenye koki, tone baada ya tone. Asidi ikiisha tu, maji yanageuka pinki. Unafunga koki, unasoma. Kiasi cha kostiki ndicho kinachosema siki ina ukali gani. Raha tupu! Kasema kazini nimwite Fundi, si baba. Nimejaribu. Ulimi umegoma.

Jumatano, 6 Machi

Pipa namba saba. Fundi kapata ukali wa asilimia tano, mimi nne nukta saba. Chini ya tano haliuzwi. Kasema nina haraka. Nimerudia mara tatu — ileile.

Nikamtazama akipima. Pinki ya kwanza ikaja, hafifu, kama ukucha usiopakwa rangi. Hapo ndipo pa kufunga. Akaendelea! Kafunga imeshakolea kama sharubati. Ile ya kwanza haioni kabisa.

Nani amwambie mkwewe kwamba macho yamechoka? Mimi? Thubutu.

Alhamisi, 7 Machi

Sikusema. Nimejichukia kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Msindikaji wa matango ya siki karudisha mapipa sita. Siki hafifu, kasema, matango yataoza. Meneja katuita: mmoja wetu anakosea, na hadhani ni mtu wa miaka thelathini kazini. Jumatatu tupime mbele yake. Atakayekosea aache kazi.

Mume wangu eti nimwachie mzee, nibebe kosa mimi; kabakiza miezi minne astaafu. Nimeudhika! Na walaji wa matango je?

Jumatatu, 11 Machi

Niko benchini, najifanya naandika vipimo. Nimeshapima: nne nukta saba. Ikawa zamu ya Fundi, mimi namtikisia chupa. Simu ya meneja ikaita, katoka nje. Pinki ikaja. Nikahesabu hadi thelathini, haikupotea: ndiyo yenyewe.

Fundi kaniinamia, sauti ya chini. "Mwanangu, pinki imeshaingia?"

Kumbe anajua kwamba haioni! Siku zote hizi anajua.

"Imeshaingia, baba."

Kafunga koki. Sasa vipimo vyetu vitalingana, na meneja atauliza yale mapipa sita aliyapitisha nani. Jina liko kwenye daftari la maabara, kwa mwandiko wake mzuri. Kavua miwani, anaifuta kwa pindo la koti. Kaniambia nisiseme kitu, atasema mwenyewe.

Mlango huo unafunguka, meneja —